Shahada ipo mkononi, mkono bado

Mtamba chotara wa Friesian alishikwa na uchungu adhuhuri. Sasa ni saa nne usiku na ndama hajatoka. Mwenye ng'ombe amewaita majirani, wakafunga kamba kwenye mguu mmoja uliojitokeza, wakavuta mpaka wakachoka. Daktari aliyehitimu mwaka jana anapofika, anakuta njia ya uzazi imevimba na kukauka, ng'ombe amelala kwenye tope, na macho ya watu wote yamehamia kwake. Anavaa glovu ndefu, anajipaka mafuta ya kulainisha, anaingiza mkono hadi begani. Anachokigusa hakifanani na mchoro wowote aliowahi kuuona ubaoni. Mguu huu ni wa mbele au wa nyuma? Kichwa kimegeukia wapi? Ndama yu hai? Na mbona kuta za njia yenyewe zina mikunjo inayozunguka? Je, kizazi kimejisokota?

Majibu yote yamo vitabuni. Mwanafunzi wa tiba ya wanyama huyakariri mapema: viungo viwili vya kwanza kutoka kwenye kwato vikikunjika upande mmoja, huo ni mguu wa mbele, vikikunjika pande tofauti, ni wa nyuma. Kuandika hivyo kwenye chumba cha mtihani ni kazi nyepesi. Kuutambua mguu gizani, kwa ncha za vidole, huku misuli ya ng'ombe anayesukuma imeubana mkono mpaka vidole vinakufa ganzi, ni kazi nyingine kabisa. Kati ya kazi hizo mbili kuna pengo, na nchi nyingine hulijaza kwa kumpa daktari miaka ya kufunzwa kliniki baada ya shahada ya kwanza, chini ya jicho la bingwa. Sisi tumeliacha wazi, na anayelipia ni mfugaji.

Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, na ni miongoni mwa nchi zenye mifugo mingi zaidi barani Afrika. Daktari wake husoma miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kisha husajiliwa na Baraza la Veterinari kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kwa cheti kilekile anaweza kuitwa kwenye banda la kuku asubuhi, kwa paka wa mjini mchana, na kwa punda aliyevunjika mguu jioni. Upana huo ni wa lazima kwa shahada ya kwanza. Miaka 5 haitoshi kumfanya mtu awe hodari kwa kila mnyama, na hakuna nchi inayodai kwamba inatosha.

Anayetaka kuendelea ana njia. SUA inafundisha uzamili wa tiba ya wanyama. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kampasi yake ya Kabete, kina uzamili wa tiba na uzamili wa upasuaji. Lakini katika vyuo vyetu uzamili kwa kawaida hugawanyika sehemu mbili, masomo ya darasani kisha utafiti, na tasnifu ndiyo hubeba uzito. Tasnifu nyingi za mifugo zina sura moja: damu imechukuliwa kwa ng'ombe wa wilaya fulani, imepelekwa maabara, na asilimia ya walioambukizwa imehesabiwa. Ni kazi zenye manufaa makubwa. Bila hizo tusingejua ugonjwa wa kutupa mimba umeenea wapi, wala kupe wa eneo lipi wanabeba ndigana kali. Ninachokikataa ni kuziita mafunzo ya ubingwa wa tiba. Mtu anaweza kuhitimu kwa njia hiyo akiwa amechoma sindano ya kutoa damu kwa mamia ya ng'ombe, na hajafungua tumbo la hata mmoja.

Mwelekeo huo una historia ya heshima. Huduma za mifugo za Afrika Mashariki zilizaliwa katika mapambano na magonjwa ya mlipuko. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza mifugo na kuziacha jamii za wafugaji katika njaa. Miongo kadhaa baadaye, maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika duniani kote. Mwaka 2011 ugonjwa huo ukatangazwa kuwa umetokomezwa, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kutokomezwa na binadamu. Chanjo ya ndigana kali nayo ilitoka Muguga. Kwa hiyo hodari wetu wa taaluma hii walifunzwa kutazama kundi zima, kupima sampuli na kupanga kampeni. Kufa kwa ng'ombe mmoja wa asili katika kundi la mia kulikuwa huzuni, ila kundi lilibaki.

Maisha yamebadilika. Kwa kaya ya Rungwe, Hai au Kiambu yenye ng'ombe wawili wa maziwa wanaokatiwa majani bandani, kufa kwa mmoja ni kupotea kwa nusu ya kundi. Pamoja naye huondoka ada ya shule, samadi ya migomba na maziwa ya watoto. Kaya hiyo bado inahitaji chanjo, lakini usiku ng'ombe anapolala chini baada ya kuzaa na kushindwa kuinuka, inamhitaji mtu anayejua kumtibu ng'ombe huyo mmoja.

Zamani kidogo pengo hili lilizibwa kwa namna isiyo rasmi. Katika miaka ya 1960 Kabete ilisomesha madaktari wa nchi zote tatu za Afrika Mashariki, ikisaidiwa na walimu kutoka Glasgow na Colorado, na kliniki yake ya kutembea ilibeba wanafunzi kwenye gari hadi kwenye mashamba ya jirani. Makerere na Morogoro zilipata vitivo vyao katika miaka ya 1970, na SUA ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Daktari mpya aliajiriwa na serikali, akapangwa chini ya daktari wa wilaya au wa mkoa, mzee aliyekwisha kukutana na kila balaa. Hakuna aliyeuita uhusiano huo mafunzo ya uzamili, lakini ulikuwa ndio. Kisha yakaja marekebisho ya uchumi. Kenya iliacha kuwaajiri moja kwa moja madaktari wote wa mifugo mwishoni mwa miaka ya 1980, huduma za tiba zikasukumwa kwa watu binafsi, majosho mengi yakakauka Kenya na Tanzania. Mengi yameandikwa kuhusu majosho. Kuhusu yule mzee aliyekuwa akisimama nyuma ya daktari mpya na kumwambia, "Toa mkono, pumzika, anza tena," sijasoma mengi.

Marekani ngazi ya ubingwa imejengwa wazi. Baada ya miaka 4 ya shule ya tiba ya wanyama, daktari anayetaka ubingwa hufanya kwanza mwaka 1 wa uanagenzi hospitalini, kisha miaka 3 ya mafunzo ya ubingwa, kwa mfano katika tiba ya ndani ya wanyama wakubwa, upasuaji au uzazi. Nafasi hugawiwa kwa utaratibu uliofuata mfano wa madaktari wa binadamu, walioanza kuutumia mwaka 1952: waombaji huorodhesha hospitali wanazozipenda, hospitali huorodhesha waombaji, na kompyuta huoanisha. Kinachofuata ni zamu. Farasi mwenye msokoto wa utumbo akiletwa saa tisa usiku, daktari mwanafunzi ndiye hupokea simu, humpima, huamua kama tumbo lipasuliwe, na bingwa hutoka nyumbani kwake kuja kusimama naye. Mwaka wa kwanza hushika vifaa. Mwaka wa pili hukata huku bingwa akishika. Mwaka wa tatu hukata huku akimwelekeza aliye chini yake.

Kila mgonjwa huandikwa kwenye daftari la kazi, pamoja na nafasi aliyokuwa nayo mwanafunzi katika upasuaji huo. Mwishoni daftari hilo na andiko la utafiti lililochapishwa hupelekwa kwa vyama vya ubingwa vinavyojiita vyuo ingawa havina madarasa, na vyama hivyo hutoa mitihani migumu. Cha wapasuaji kilianzishwa mwaka 1965. Ulaya ina vyuo vya aina hiyo pia, kikiwemo cha afya ya ng'ombe kilichoanzishwa mwaka 2003. Utafiti umo ndani ya ngazi hiyo, lakini haujapewa kiti cha mbele. Na jambo ambalo wasomaji wetu walizingatie: daktari mwanafunzi huyu hulipwa. Mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwenzake aliyefungua kliniki, lakini hospitali inakiri kwamba yuko kazini.

Kwa nini miaka yote hiyo? Uzito wa mgonjwa ni sehemu ya jibu. Tarehe 20 Mei 2006, farasi Barbaro, aliyekuwa ameshinda mbio za Kentucky Derby wiki mbili kabla, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia mbele ya maelfu ya watazamaji huko Baltimore. Alipelekwa New Bolton Center, hospitali ya wanyama wakubwa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako daktari Dean Richardson aliiunga mifupa iliyovunjika zaidi ya vipande 20 kwa bamba la chuma na skrubu 27. Baada ya hapo farasi mwenye usingizi wa dawa aliteremshwa kwenye bwawa akiwa ndani ya boti la mpira, ili akizinduka na kupiga mateke asiuvunje tena mguu. Upasuaji ulifaulu. Lakini mnyama wa nusu tani aliyeegemea miguu mitatu hulipa gharama: kwato la mguu wa pili wa nyuma lilianza kuachana na mfupa wake, na tarehe 29 Januari 2007 Barbaro akalazwa milele.

Watu wengi waliufuatilia mkasa ule kama habari ya mbio. Ndani yake kuna somo lote la tiba ya wanyama wakubwa. Kwa farasi, hata nusukaputi ni hatari: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba takriban farasi 1 kati ya 100 wasio na dharura ya tumbo hufa kwa sababu zinazohusiana na dawa hiyo au kuzinduka kwake. Kwa mbwa kiwango hicho ni cha chini mara kadhaa. Hatari za namna hiyo hazifundishwi kwa muhula mmoja.

Idadi ya wagonjwa ni sehemu nyingine ya jibu. Ubelgiji kuna aina ya ng'ombe wa nyama, Belgian Blue, aliyechaguliwa kwa vizazi awe na misuli mikubwa kiasi kwamba ndama hapiti njia ya kawaida. Zaidi ya asilimia 90 ya ndama wake huzaliwa kwa upasuaji. Sipendi binadamu kumfanyia mnyama hivyo, na naamini ni kosa. Lakini matokeo yake ni kwamba daktari kijana wa mashambani huko hufanya upasuaji wa uzazi mara nyingi mno kwa msimu, ng'ombe akiwa amesimama kwa ganzi ya sehemu tu, mpaka mkono wake haubabaiki tena.

Mbinu za kupunguza hitaji la wagonjwa zipo. Uingereza, Sarah Baillie alibuni kifaa cha kompyuta kinachomfanya mwanafunzi ahisi kizazi na mimba ya ng'ombe bila ng'ombe kuwepo, ili anapokutana na mnyama halisi ajue anatafuta nini. Ni kifaa kizuri cha kuanzia. Hakivuji damu, hakipigi teke, wala hakina mwenyewe anayekusubiri useme kitu.

Na kwenye idadi ya wagonjwa ndipo wenye ngazi nzuri wanapopata taabu. Katika mashamba makubwa ya maziwa ya Marekani, yenye maelfu ya ng'ombe, mnyama mmoja mara nyingi hana thamani ya kulipia safari na upasuaji wa hospitali ya chuo. Wafanyakazi wa shamba wamefunzwa kutibu magonjwa ya kawaida. Kwa hiyo ng'ombe wanaoletwa hospitalini si wengi kama wanafunzi wanavyohitaji. Chuo Kikuu cha California, Davis, kililazimika kuwa na kituo huko Tulare, katikati ya mashamba ya maziwa, ili wanafunzi wawafuate ng'ombe walipo. Vijana wenyewe wanakimbilia mbwa na paka, hadi serikali ya Marekani, tangu mwaka 2010, inamlipia sehemu ya deni la masomo daktari anayekubali kufanya kazi kwa miaka 3 katika eneo lenye uhaba.

Wao wana ngazi, wagonjwa wanawakimbia. Sisi wagonjwa wamejaa, ngazi hatuna.

Chukua plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, lakini takataka za miaka mingi na kamba za nailoni bado zimetapakaa kandokando ya miji. Ng'ombe hachambui anachokila. Plastiki ikishuka kwenye tumbo kubwa haisagiki wala haitoki. Hujiviringisha na kamba na nywele mpaka inakuwa donge. Ng'ombe anakonda huku anakula. Tumbo linajaa gesi, linapungua, linajaa tena. Bwana mifugo anampa dawa ya minyoo, kisha sindano ya oksitetrasaiklini, kisha dawa nyingine ya minyoo. Miezi inapita na maziwa yanakauka.

Tiba yake ni upasuaji, na upasuaji huo hauhitaji mashine yoyote. Ng'ombe husimama. Ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, hunyolewa na kuoshwa. Ganzi huchomwa kando ya uti wa mgongo, pale mishipa ya fahamu ya ubavu inapotokea; daktari akiijua njia hiyo ubavu mzima hufa ganzi na ng'ombe huendelea kucheua. Hukatwa ngozi, misuli tabaka kwa tabaka, na utando wa ndani. Tumbo kubwa hujitokeza. Hapa ndipo penye siri: kabla ya kulikata, hushonewa kwanza kwenye ngozi, duara zima, ili hata tone la chakula kilichochacha lisidondokee ndani ya mwili. Kisha hukatwa, mkono huingia, na uchafu huanza kutoka, kapu baada ya kapu. Daktari makini hafungi kabla hajapapasa tumbo la pili lililo mbele, kutafuta misumari na nyaya. Halafu hubadili glovu na vifaa, hufunga tumbo kwa tabaka mbili za uzi, hufunga misuli, hufunga ngozi.

Kijana mwepesi anaweza kuziiga hatua hizo baada ya kuziona mara chache. Asichoweza kuiga ni siku ya tano. Kama ule ushonaji wa awali ulilegea sehemu moja, uchafu umeshaingia, na ng'ombe aliyekuwa akila vizuri jana leo amejikunja mgongo, ana homa na hataki kuguswa tumbo. Katika ziara ya masomo ya siku moja, gari la chuo limeshaondoka zamani. Mwanafunzi aliyeona upasuaji bila kuiona siku ya tano hajauona upasuaji. Mafunzo ya ubingwa huhesabiwa kwa miaka kwa sababu mkono unatakiwa ukae karibu na matokeo ya kazi yake, mazuri na mabaya.

Mambo mengine hayana hata kisu. Ng'ombe mwenye maziwa mengi amezaa jana. Leo amelala, masikio ya baridi, kichwa amekigeuzia ubavuni. Madini ya kalsiamu yamehamia kwenye maziwa kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuyarudisha kwenye damu. Dripu ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo humfanya atetemeke, acheue, anye na kuinuka, wakati mwingine chupa ikiwa haijaisha. Mwenye zizi hulia kwa furaha. Lakini dripu hiyohiyo ikikimbizwa husimamisha moyo. Bingwa humfundisha kijana aweke kipima moyo kifuani, asikilize kila pigo, na ashushe chupa mapigo yakianza kuyumba. Kitabu kinasema "polepole". Sikio ndilo linalojua polepole ni kiasi gani.

Au ng'ombe anayetokwa na mate, anashindwa kumeza, sauti imebadilika. Mwenye ng'ombe anasema, "Daktari, amekwamwa na embe." Mkono wa kijana unataka kuingia mdomoni. Mwalimu mwenye uzoefu huudaka mkono huo hewani, kwa sababu kichaa cha mbwa kwa ng'ombe huanza hivyohivyo, na mate hayo yanaua. Vivyo hivyo mzoga uliokutwa asubuhi ukitokwa na damu nyeusi puani, damu isiyoganda: anayejua kimeta haufungui, hata kijiji kizima kikitaka kugawana nyama. Maarifa ya namna hii hulinda mifugo, lakini kwanza humlinda daktari na watu waliomzunguka.

Halafu kuna uamuzi ambao sijauona ukipewa nafasi ya kutosha katika mtaala wowote wa kwetu: kumwambia mzee wa watu kwamba ng'ombe huyu asitibiwe, achinjwe leo. Mguu ukivunjika juu ya goti kwa ng'ombe mzima, ukweli huo ukisemwa asubuhi, familia inapata nyama au bei yake. Ukisemwa baada ya siku tatu za sindano, nyama haifai mpaka muda wa dawa uishe, na mnyama ameteseka bure. Daktari asiyejiamini hukimbilia sindano, kwa sababu sindano huonekana kuwa kazi. Tunalalamika kila mwaka juu ya viuavijasumu kutumika ovyo na vijidudu kuwa sugu, na tunalaumu maduka ya dawa za mifugo. Nafikiri sehemu ya lawama ni ya mfumo unaomwacha daktari peke yake na chupa, bila mtu wa kumpigia simu.

Niseme pia neno kwa wasichana walioko Morogoro na Kabete, wanaoambiwa kwamba ng'ombe ni kazi ya wanaume wenye vifua. Nguvu za mwanamume gani zinashindana na kizazi cha ng'ombe kinachosukuma? Ndama aliyekaa vibaya hatolewi kwa kuvutwa. Hurudishwa ndani kwanza, polepole, kati ya sukuma moja na nyingine, baada ya ganzi kidogo kwenye uti, penye shina la mkia, ili ng'ombe aache kujikamua. Kisha kichwa hugeuzwa, mguu huinuliwa huku kiganja kimefunika kwato lisichane kizazi. Mkono mwembamba wenye ufundi ni mali. Marekani wanafunzi 8 kati ya 10 wa tiba ya wanyama sasa ni wanawake, na wamo miongoni mwa mabingwa wa farasi na ng'ombe.

Mfano wa karibu wa ngazi kamili barani mwetu uko Onderstepoort, Afrika Kusini. Kitivo chake kilianza mwaka 1920, leo kiko chini ya Chuo Kikuu cha Pretoria, na kina shahada ya uzamili ya kitabibu iliyojengwa juu ya kazi ya hospitali, inayomwezesha mhitimu kuomba usajili wa ubingwa katika baraza la nchi hiyo. Kumpeleka kila kijana wetu huko haiwezekani, na magonjwa ya kupe atakayokutana nayo Simanjiro hayatamngoja Pretoria. Ila mfumo unaweza kuigwa hapahapa.

Ningeanza na fedha, kwa kuwa ndipo mazungumzo haya hufia. Ufadhili wa uzamili wa mifugo hufuata miradi ya utafiti, na mradi unataka takwimu ndani ya muda wake; hauna fungu la kumlipa daktari akae zamu ya usiku. Wizara na vyuo wakitenga nafasi za mafunzo ya ubingwa zenye mshahara, hata chache, wanakuwa wameajiri tiba papo hapo, maana daktari mwanafunzi anatibu kila siku ya mafunzo yake. Mshahara wake ni huduma kwa wafugaji wa Morogoro, Mvomero na Kilosa.

Gari ni la pili. Ng'ombe aliyelala hapandi basi kwenda hospitali ya chuo. Kliniki ya kutembea ndiyo wodi ya mifugo mikubwa, na dizeli yake inastahili kuhesabiwa kama vitanda vinavyohesabiwa katika hospitali ya watu. Gari likikaa kwa kukosa mafuta, mafunzo yamefungwa siku hiyo, hata kama madarasa yote yamejaa.

Nusu ya alama za uzamili wa tiba itoke kwenye daftari la kazi na mtihani wa mbele ya mnyama, na watahini watoke vyuo vya jirani: wa Kabete aje Morogoro, wa Morogoro aende Makerere. Tulikuwa na shule moja kwa nchi tatu. Kutahiniana hakuwezi kutushinda. Watahini hao wawaulize pia wahitimu wa vyuo vya mafunzo ya mifugo vya LITA, wa Tengeru, Mpwapwa na Buhuri, ambao ndio hufika kwenye zizi kabla ya daktari yeyote. Bingwa wa kweli anajulikana kwa jinsi wanavyomwita wakikwama.

Na daftari la mwaka wa kwanza lisiwe la kubahatisha. Liseme ni misokoto mingapi ya kizazi ameirudisha, makondo mangapi yaliyobaki ameyashughulikia na mangapi ameamua kuyaacha, matumbo mangapi amefungua na siku ya tano ilikuwaje, ndigana kali ngapi aliziwahi tezi za shingo zikiwa ndiyo kwanza zinavimba na ngapi zilimfikia mapafu yakiwa yamejaa maji. Liwe na ukurasa wa waliokufa, wenye sababu iliyothibitishwa kwa kuupasua mzoga pale inaporuhusiwa, na sahihi ya bingwa aliyekuwepo. Kama sahihi hiyo haipo kwa sababu hakuna bingwa aliyekuwepo, chuo kijue hapo ndipo pa kuanzia kuajiri.